Umbali, Habari na Mamlaka: Ushawishi wa Zanzibar katika Njia ya Kati ya Misafara, 1840–1890

1.0 Utangulizi

Upo msemo wa zamani kwamba zumari likipigwa Unguja, watu wa Maziwa Makuu hucheza. Msemo huu umetajwa mara nyingi katika maandishi ya historia ya Afrika Mashariki kama ushahidi wa ukubwa wa dola ya Zanzibar katika karne ya 19. Hata hivyo, wengi wanaoutumia hawaitazami vizuri picha iliyomo ndani yake. Mpiga zumari hamwamuru mtu kucheza. Anayecheza huitikia kwa kuwa sauti imempendeza, au kwa kuwa anatarajia kupata kitu katika ngoma hiyo. Siku asipoitikia, mpigaji hana mkono wa kumfikia.

Makala haya yanachunguza namna umbali ulivyounda mahusiano kati ya Zanzibar na bara kupitia njia ya kati ya misafara, yaani ile iliyotoka Bagamoyo na bandari jirani, ikapita Ugogo na Unyanyembe hadi Ujiji na Manyema. Kipindi kinachohusika kinaanzia miaka ya 1840, Seyyid Said bin Sultan alipokwisha kuhamishia makao yake Unguja, na kukomea miaka ya mwisho ya 1880, bara lilipogawanywa kati ya Wajerumani na Waingereza.

Swali la msingi ni hili: dola iliyokuwa na ushawishi hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ilipotezaje bara lote katika kipindi kisichozidi miaka miwili, kati ya mwisho wa 1884 na mwisho wa 1886? Jibu lililozoeleka ni kwamba Zanzibar ilizidiwa nguvu za kijeshi. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijitoshelezi. Hoja ya makala haya ni kwamba umbali haukuua ushawishi wa Zanzibar huko bara, bali uliubadilisha sura. Mahali ambapo amri haikuweza kufika, ushawishi ulibebwa na mikopo, ndoa, udugu, dini na lugha. Mataifa ya Ulaya yalipokuja kupima mamlaka ya Sultani, yalitumia kipimo cha amri peke yake. Ushawishi wa aina nyingine ukahesabiwa kuwa si kitu.

Mtazamo wa Abdul Sheriff (1987), kwamba Zanzibar ilikuwa himaya ya kibiashara zaidi kuliko dola ya kiutawala, umetumika kama msingi wa mjadala. Aidha, simulizi za Kiswahili za kipindi hicho, hasa maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, zimezingatiwa kwa kuwa zinaonesha umbali kama ulivyoonekana na waliousafiri.

2.0 Umbali Ulivyopimwa

Njia ya miguu kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 800, na kutoka Tabora hadi Ujiji takriban kilomita 400 zaidi. Kwa msafiri wa wakati huo, tarakimu hizi zilieleza machache. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kaze, katika eneo la Tabora, Novemba 7 mwaka huohuo, baada ya zaidi ya miezi minne. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Unyanyembe mwishoni mwa Juni, baada ya takriban miezi mitatu. Walisafiri kuelekea mahali pamoja, lakini muda wa safari zao ulitofautiana kwa wiki nyingi. Kilichotofautiana ni mvua, maradhi, chakula cha njiani, idadi ya wapagazi na siku zilizotumika kujadiliana hongo.

Hongo inastahili kuelezwa zaidi. Ugogo ni nchi kame, na misafara haikuweza kuivuka bila kutumia visima na mabwawa yaliyokuwa chini ya watemi wa Kigogo. Kila mtemi alidai nguo, shanga au waya wa shaba kabla ya msafara kuruhusiwa kunywa maji na kuendelea. Kwa hiyo urefu wa njia katika Ugogo uliamuliwa na mazungumzo. Msafara uliofahamika ulipita upesi, na uliokuja na kiburi ulikaa ukisubiri huku chakula kikiisha.

Jambo la pili ni wapagazi. Katika sehemu kubwa ya njia, mbung'o walizuia matumizi ya wanyama wa kubeba mizigo. Bidhaa zote zilipita mabegani mwa watu, kila mmoja akibeba takriban kilo 30, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira. Wapagazi hao walikuwa pia wakulima. Wengi walitaka kuwa makwao msimu wa kulima, na msafara uliochelewa kuondoka ulijikuta haupati watu. Hivyo kalenda ya mashamba ya Unyamwezi ilikuwa na nguvu juu ya mwendo wa biashara sawa na kalenda ya pepo za bahari. Pepo nazo zilikuwa na utaratibu wake: kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kati ya Desemba na Machi, na kusi iliyarudisha kuanzia Aprili. Mfanyabiashara wa Tabora aliishi chini ya kalenda hizo mbili kwa pamoja, na zilipopishana, mtaji wake ulikaa bila kuzunguka.

Hali ya barua inadhihirisha matokeo yake. Mfuko wa barua za David Livingstone uliofungwa Unguja mwanzoni mwa Novemba 1870 ulimfikia Ujiji Novemba 1871, tena kwa sababu Stanley aliukuta umekwama Unyanyembe akauchukua. Huo ni mwaka mzima kwa barua za mtu aliyekuwa akiangaliwa na konseli wa Uingereza. Amri ya Sultani ilipita katika njia hiyohiyo. Hata safari ikienda vizuri, amri iliyofika Tabora ilikuwa na umri wa miezi mitatu, na jibu lake lilihitaji muda kama huo kurudi. Katika nusu mwaka huo mtemi aliweza kufa, vita vikaanza na kwisha, na bei ya pembe ikapanda na kushuka. Mara nyingi, kilichopokelewa Tabora kikiitwa amri kilihusu mambo ambayo wenyeji walikuwa wamekwisha kuyaamua.

3.0 Ulazima wa Kurejea

Ikiwa amri ilichakaa njiani, ni nini kilichowaunganisha wafanyabiashara wa bara na Unguja? Jibu la kwanza ni deni. Wafanyabiashara wengi wa misafara hawakuwa na mtaji wao wenyewe. Walichukua nguo, shanga, bunduki na baruti kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, wengi wao wakiwa Wahindi, kwa ahadi ya kulipa kwa pembe za ndovu. Tippu Tip alipata mtaji wa safari yake kubwa kwa Taria Topan, mmoja wa matajiri wakubwa wa Unguja wa zama zake. Safari hiyo ilianza mwaka 1870, na Tippu Tip hakuonekana tena Unguja hadi mwaka 1882.

Deni lililodumu miaka 12, kati ya watu waliotenganishwa na bahari na zaidi ya kilomita 1,500 za pori, halikuweza kulindwa na polisi wala mahakama. Lililindwa na ulazima wa kurejea. Pembe haikuwa na thamani kubwa Manyema. Thamani yake ilipatikana ilipofika bandarini, na katika bandari hizo ushuru ulikusanywa na mkandarasi wa forodha ambaye mara nyingi alikuwa pia mkopeshaji, au mshirika wa wakopeshaji. Aliyevunja ahadi aliweza kuishi salama bara, lakini asingeweza kuuza pembe zake kwa faida. Mlango ulikuwa mmoja, na mwenye deni alijua nani amesimama mlangoni.

Kinyume chake kinathibitisha hoja hii. Msiri, aliyetoka Unyamwezi akajenga dola yake huko Katanga katika nusu ya pili ya karne ya 19, alifanya biashara na pwani ya mashariki na pia na wafanyabiashara waliotoka upande wa Angola. Alikuwa na milango miwili, na hakuhitaji kuinamia mmoja. Hivyo, kilichoamua nguvu ya Zanzibar juu ya mtu wa bara hakikuwa umbali wake kutoka Unguja peke yake. Kiliamuliwa zaidi na kama mtu huyo alikuwa na njia nyingine ya kutokea.

Wapo pia ambao umbali kwao ulikuwa na maana tofauti kabisa. Mateka aliyenunuliwa Manyema au kando ya Ziwa Nyasa akapelekwa pwani alitenganishwa na ndugu zake kwa njia ambayo hakuweza kuirudia peke yake. Kwa mfanyabiashara, urefu wa njia ulikuwa gharama. Kwa mateka ulikuwa kuta za gereza. Kadiri alivyopelekwa mbali ndivyo alivyozidi kukosa ukoo wa kumdai na lugha ya kujitetea, na utegemezi wake kwa bwana ukaongezeka. Lugha ya pwani iliutambua umbali huo: mtumwa aliyewasili karibuni aliitwa mjinga, na aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia. Mzalia alikuwa na lugha, dini na jamaa, na kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kudai heshima ambayo mjinga hakuwa nayo. Himaya iliyojengwa juu ya ulazima wa wengine kurejea ilijengwa pia juu ya kutoweza kurejea kwa maelfu ya watu. Mjadala wowote kuhusu ushawishi wa Zanzibar bara unaoacha jambo hili ni pungufu.

4.0 Ukaribu Uliotengenezwa

Jibu la pili ni kwamba watu waliokaa mbali na pwani walitengeneza ukaribu mahali walipokuwa. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, aliishi Unyanyembe na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Kwa ndoa hiyo mfanyabiashara alipata ukwe katika ikulu ya nchi, na mtemi alipata mkwe mwenye bunduki na nguo. Baada ya Fundikira kufariki, mrithi wake Mnywa Sele alitaka kuwatoza Waarabu ushuru. Waarabu, akiwemo Muhammad bin Juma, walishiriki kumwondoa na kumweka Mkasiwa mwanzoni mwa miaka ya 1860. Mapinduzi hayo hayakuamriwa kutoka Unguja. Yalifanywa na watu wa Tabora kwa maslahi ya Tabora, katika siasa za ukoo ambazo kasri la Unguja lisingeweza kuzifuatilia, seuze kuziongoza.

Njia nyingine ya kutengeneza ukaribu ilikuwa udugu wa kuchanjiana. Watu wawili wasio na nasaba moja walichanjwa chale, wakachanganya damu, na kuanzia hapo wakawa na haki na wajibu wa ndugu. Desturi hii iliwafaa sana watu wa misafara, kwa sababu ilimpa mgeni ukoo katika nchi isiyo yake. Stanley mwenyewe alichanjiana udugu na Mirambo mwaka 1876, na kwa tendo hilo mtu aliyekuwa upande wa maadui wa Mirambo miaka mitano kabla akapata usalama wa njia.

Buganda inatoa mfano wa ushawishi uliofika mbali zaidi bila ndoa wala jeshi. Wafanyabiashara wa pwani walifika huko katika miaka ya 1840, wakati wa Kabaka Suna. Chini ya mrithi wake Mutesa, Kiswahili na Kiarabu vilitumika ikulu, mavazi ya pwani yakapendwa, na Kabaka mwenyewe akafunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, mwaka 1876 Mutesa huyohuyo aliamuru kuuawa kwa vijana Waislamu walioonekana kuiweka dini juu ya utii wao kwake. Sultani wa Zanzibar hakuwa na lolote la kufanya. Mfano huu unaonesha pande zote mbili za hoja. Mavazi, maandishi na ibada vilisafiri zaidi ya kilomita 1,000 na kubadili maisha ya ikulu ya kigeni, lakini ulinzi wa waliovipokea haukuweza kusafiri pamoja navyo.

5.0 Mahali Amri Ilipokatikia

Vita vya Mirambo viliweka wazi mpaka wa mamlaka ya Zanzibar. Mirambo wa Urambo alikuwa ameunganisha himaya ndogondogo za magharibi mwa Unyanyembe kwa kutumia jeshi la rugaruga, na njia ya Ujiji ilipita katika eneo lake. Mwaka 1871 mgogoro juu ya ushuru wa njia na hifadhi ya wakimbizi uligeuka kuwa vita. Waarabu wa Tabora walishambulia, wakashindwa vibaya, na Mirambo akaingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu yake. Khamis bin Abdallah, mmoja wa viongozi wao mashuhuri, aliuawa.

Habari ya kufungwa kwa njia ilipofika Unguja, ilitikisa soko la pembe. Hilo linaonesha jinsi mji wa bandari ulivyotegemea mahali ambapo haukuwa na askari wa kutosha hata wa kulinda njia moja. Mapigano yaliendelea kwa vipindi kwa miaka kadhaa, na mapatano yalipopatikana yalitegemea uwiano wa nguvu wa hukohuko bara. Mirambo aliyahitaji mapatano hayo kwa sababu naye alitaka bidhaa za pwani na aliwahi kutafuta uhusiano wa moja kwa moja na Unguja. Hata adui huyu mkubwa wa Waarabu wa Tabora alivutwa na ulazima uleule wa mlango wa bandari. Alichokataa ni kutozwa na kuamriwa na watu wa Tabora waliojidai kuwa mkono wa Sultani.

Cheo cha liwali wa Tabora kilibeba mkanganyiko huo. Liwali alitambuliwa na Sultani, lakini mamlaka yake yalitegemea kukubalika kwake kwa wafanyabiashara wenzake na kwa mtemi wa Unyanyembe. Aliyekosa kukubalika aliweza kuondolewa na fitina za Tabora kabla barua ya kumtetea haijavuka Ugogo.

6.0 Waya, Meli na Nyumba ya Konseli

Katika miaka ya 1870 umbali wa upande wa bahari ulianza kupungua, huku ule wa upande wa bara ukibaki vilevile. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Meli za moshi hazikungoja kaskazi wala kusi. Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari uliiunganisha Zanzibar na Aden, na kupitia Aden na miji mikuu ya Ulaya. Kuanzia hapo ujumbe kutoka London uliweza kufika Unguja upesi mno, ilhali ujumbe kutoka Tabora uliendelea kubebwa na miguu ya watu kwa miezi. Kwa kipimo cha habari, kisiwa cha Unguja kilikuwa kimesogezwa Ulaya na kuachwa mbali na bara lake.

Ukaribu wa kimwili ulikuwa na nguvu zake pia. John Kirk, wakala na baadaye konseli mkuu wa Uingereza, aliishi Mji Mkongwe, mwendo mfupi tu kutoka kasri la Sultani Barghash bin Said. Aliweza kuonana na Sultani mara kwa mara, kupinga neno kabla halijawa amri, na kutia shaka kabla uamuzi haujafikiwa. Nyuma yake palikuwa na meli za kivita. Mwaka 1873, chini ya tishio la kuzuiwa kwa bandari zake, Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa ya baharini na kufunga soko la watumwa la Unguja. Amri hiyo ilikuwa na nguvu bandarini, ambako meli zilionekana. Bara ilikuwa na nguvu ndogo, na kwa muda misafara ya watumwa ilihamia njia za nchi kavu sambamba na pwani, hadi Barghash alipozipiga marufuku mwaka 1876.

Barghash hakukaa kimya mbele ya tatizo la umbali. Alinunua meli za moshi. Aliunda jeshi la mtindo wa Ulaya chini ya Lloyd Mathews kuanzia mwaka 1877, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 kikosi chake kiliwekwa Mamboya, katika Usagara. Tippu Tip aliporejea mwaka 1882, Sultani alimtaka awe liwali wake Tabora. Hatua hizi zinaonesha mtawala aliyeelewa kwamba ushawishi wa mikopo na udugu ulipaswa kugeuzwa kuwa utawala unaoonekana. Hata hivyo, Mamboya ni nusu tu ya njia ya kwenda Tabora, au hata pungufu ya hapo, na muda wa kuifikia sehemu iliyobaki haukupatikana.

7.0 Karatasi za Usagara na Maili 10 za Pwani

Novemba 1884 Carl Peters na wenzake walivuka kutoka Unguja hadi Saadani, wakaingia bara. Katika wiki chache walikusanya karatasi walizoziita mikataba kutoka kwa watawala wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Inayofahamika zaidi ni ile ya Mangungo wa Msovero, ambaye kwa mujibu wa karatasi hiyo alitoa nchi yake na haki zake zote kwa Wajerumani. Karatasi hizo zilikuwa katika lugha ambayo watawala hao hawakuweza kuisoma. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba zilijishughulisha pia na umbali wa Sultani. Mojawapo iliandika tamko la mtu aliyeelezwa kuwa mwakilishi wa Sultani huko Nguru, kwamba Sultani hakuwa na mamlaka ya kidola bara, hasa katika Nguru na Usagara. Peters alielewa kwamba haitoshi kuonesha kuwa nchi imetolewa. Ilibidi pia kuonesha kuwa haikuwa ya mwingine, na ushahidi uliotafutwa ni wa kutokuwepo.

Februari 27, 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya ulinzi juu ya maeneo hayo. Barghash alipopashwa habari, alimpelekea Kaisari malalamiko yake kwa simu mwezi Aprili. Chombo kilichomwezesha Sultani kujibu upesi ndicho kilichowawezesha wapinzani wake kupanga upesi zaidi. Agosti 1885 meli za kivita za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake, na Barghash akalazimika kukubali. Wakati huo watu wengi wa njia ya kati hawakuwa hata na habari kwamba nchi zao zilikuwa zikijadiliwa.

Ndipo ikaundwa tume ya Ujerumani, Uingereza na Ufaransa ya kuchunguza mipaka ya milki ya Sultani. Tume ilipita katika miji ya pwani ikiangalia alama za utawala zinazoonekana: askari, bendera, forodha, liwali na kadhi. Wajumbe walitofautiana juu ya upana wa milki hiyo kuelekea bara, na mapatano ya Ujerumani na Uingereza ya mwishoni mwa mwaka 1886 yakaamua kwamba Sultani ana visiwa vyake, pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 za baharini, yaani takriban kilomita 18, na bandari kadhaa za kaskazini. Eneo lililobaki likagawanywa kati ya mataifa hayo mawili.

Kipimo hiki kinastahili kuchambuliwa kwa makini. Maili 10 hazikutokana na mpaka wa kabila, mto au njia. Zilikuwa makadirio ya umbali ambao mamlaka ya aina moja, yaani askari na ofisa, yaliweza kuthibitishwa. Deni la Tippu Tip kwa Taria Topan, ukwe wa Muhammad bin Juma, udugu wa chale na Kiswahili cha ikulu ya Mutesa havikuwa na safu ya kuandikwa katika taarifa ya tume. Ikumbukwe pia kwamba kipimo hicho hakikutumika kwa upande wa pili. Ujerumani haikuwa na forodha wala kadhi Usagara. Ilikuwa na karatasi, na umbali wake wa maelfu ya kilomita haukuhesabiwa dhidi yake.

Tippu Tip alipoitwa Unguja mwishoni mwa mwaka 1886, anasimulia kwamba Barghash alimwomba radhi na kumweleza kuwa yeye hana tena tamaa ya bara, kwa maana hata Unguja yenyewe Wazungu wanaitaka. Mapema mwaka uliofuata Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kitendo hicho kimeelezwa na baadhi ya watu kama usaliti. Kwa mantiki ya makala haya, kilikuwa matokeo ya mlango kubadilika. Mtu aliyefungwa na Unguja kwa ulazima wa kurejea aliona kwamba mto Kongo unafungua njia nyingine, na kwamba mwenye mlango wa zamani amekwisha kujiuzulu.

8.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonesha kwamba athari ya umbali katika mahusiano ya watu haikuwa moja. Kwa amri, umbali ulikuwa kikwazo kilichozidi kwa kila siku ya safari. Kwa biashara, ulikuwa gharama iliyoweza kubebwa maadamu mlango wa bandari ulibaki mmoja. Kwa ndoa, udugu na dini, ulikuwa sababu ya kuanzisha uhusiano, kwa kuwa mgeni aliye mbali na kwao ndiye anayehitaji ndugu wapya. Kwa mateka, ulikuwa chombo cha kumnyima utu wake. Dola ya Zanzibar ilisimama juu ya aina hizi zote kwa pamoja, na udhaifu wake ulikuwa kwamba iliyokuwa hafifu kuliko zote ni ile ambayo mataifa ya Ulaya yaliichagua kuwa kipimo.

Wajerumani walioirithi njia ya kati walikabiliana na tatizo lilelile, na walilijibu kwa chuma. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari iliyomchukua mpagazi miezi ikawa ya siku chache, na kwa mara ya kwanza amri ya pwani iliweza kufika Tabora ikiwa bado changa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1916, Tabora ilitekwa na majeshi ya Ubelgiji yaliyotoka Kongo, na utawala wa Wajerumani katika mji huo ukaisha.

Kilichobaki ni kile ambacho tume ya 1886 haikukipima. Kiswahili kilichosafiri na misafara hadi Unyanyembe, Ujiji na Manyema hakikuondoka pamoja na Sultani wala pamoja na Wajerumani, na hadi leo kinazungumzwa mashariki mwa Kongo na watu ambao mababu zao hawakuwahi kutawaliwa na Zanzibar hata siku moja. Kwa mtafiti wa historia ya dola za Afrika Mashariki, jambo hili linataka tahadhari. Kupima mamlaka kwa kuangalia mahali askari walipoishia ni kukubali, pasipo kukusudia, kipimo kilichotumiwa kuligawa bara. Ramani ya ushawishi inapaswa kuchorwa upya kwa kufuata njia za mikopo, ukwe na lugha, na pia kwa kuwafuata wale waliochukuliwa katika njia hizo na wasiweze kurudi.